Shajara ya mradi: kuingia kwenye kazi ya msaada wa TEHAMA kwa kujisomea

Aprili 2025

Nimeamua kuingia kwenye kazi ya msaada wa TEHAMA, na njia niliyo nayo ni kujisomea. Ninachokitafuta ni nafasi ya ngazi ya kwanza: kukaa kwenye dawati la msaada, kupokea simu na tiketi za watu ambao kompyuta zao zimegoma, kutatua yanayotatulika papo hapo na kuyapeleka mbele yanayohitaji fundi wa ngazi ya juu. Naandika shajara hii ili kila ninachojifunza kiwe na ushahidi, maana sina shahada ya kumwonyesha mtu.

Ramani nimeipata kwenye cheti cha A+ cha CompTIA, shirika linalotoa vyeti vya TEHAMA. Hata asiyekusudia kufanya mtihani anaweza kupakua bure orodha ya malengo yake, na orodha hiyo inaeleza kwa kina kile ambacho fundi anayeanza anatakiwa kukijua. Mtihani umebadilishwa mwezi uliopita; karatasi mpya ni 220-1201 na 220-1202. Kila karatasi ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama za kufaulu ni 675 kwa ya kwanza na 700 kwa ya pili, kwenye mizani ya 100 hadi 900. Nimetumia muda mrefu kuutazama mgawanyo wa alama. Kwenye karatasi ya kwanza, fungu kubwa kuliko yote ni la kubaini na kutatua hitilafu, asilimia 28. Vifaa vina 25 na mitandao 23. Yaani watunzi wenyewe wanasema kwamba kujua majina ya sehemu za kompyuta hakutoshi, lazima ujue kutafuta chanzo.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Kitu sikihesabu kuwa nimekijua mpaka nimekiharibu kwa makusudi, nimekirudisha, na nimeandika mambo manne: dalili, dhana, jaribio, chanzo. Daftari hilo naliita daftari la hitilafu, na ndilo uti wa mgongo wa mradi wote. Video nafuata za Professor Messer, ambazo ni za bure na zinaifuata orodha ya malengo hatua kwa hatua. Google nayo ina mfululizo wa kozi za msaada wa TEHAMA kwenye Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, tangu 2018. Humo nimechukua ile ya misingi, kwa sababu inalipa uzito somo la kuzungumza na mtumiaji, jambo ambalo wafundishaji wengi wanalipita haraka.

Aprili, mwishoni

Vifaa. Nimeifungua kompyuta ya mezani iliyokuwa haitumiki, nikatoa rami, diski, feni na betri ya ubao mama, kisha nikarudisha kimoja kimoja. Nimewasha mashine bila rami ili nisikie milio yake, nikachomoa kebo ya diski ili nione ujumbe unaotokea. Hapa sina mengi ya kuandika. Ni kazi ya mikono, na mikono hujifunza ikirudia.

Mei

Sasa maabara. Kompyuta mpakato yangu ina gigabaiti 16 za rami, na hizo zinatosha kuendesha mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa na programu) mbili au tatu ndani ya VirtualBox. Moja nimeiwekea Windows Server, toleo la majaribio ambalo Microsoft wanaruhusu litumike kwa siku 180, na nyingine Windows 11. Kwenye seva nimejenga kikoa cha Active Directory, yaani mfumo wa Windows wa kusimamia watumiaji na mashine kutoka sehemu moja, nikaunda watumiaji wa kubuni wa idara za kubuni, nikawapa ruhusa tofauti, kisha nikaanza kuwasumbua.

Hitilafu iliyonifundisha zaidi ni rahisi sana kuitengeneza: nilizima kwenye seva huduma ya DHCP, ile inayozigawia mashine anwani za mtandao, nikaiwasha upya mashine ya mtumiaji. Kawaida mashine hutangaza kwenye mtandao kwamba inahitaji anwani, seva hupendekeza moja, mashine huiomba, seva huthibitisha. Mazungumzo hayo hupita kwenye milango ya UDP namba 67 na 68 na huisha kabla mtu hajamaliza kuandika jina lake. Safari hii hapakuwa na wa kujibu. Windows ikajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na alama ya mtandao ikabadilika pembeni ya skrini.

Ukishaielewa namba hiyo, simu nzima ya mtumiaji inabadilika. Mtu anasema "intaneti haipo". Unamwomba afungue dirisha la amri, aandike ipconfig, akusomee mstari wa anwani. Akisoma 169.254, umeshajua kwamba mashine yake haijaongea na seva ya DHCP, na maswali yanayofuata yanahusu kebo, swichi, Wai-fai au huduma yenyewe; mambo ya kivinjari hayana nafasi tena. Akisoma anwani inayoanza na 10, au na 192.168, au iliyo kati ya 172.16 na 172.31, hizo ndizo anwani za mitandao ya ndani zilizotengwa kwa waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996, basi amepata anwani na unasonga hatua ya pili. Swali moja limeondoa nusu ya dhana zote, na hujagusa kitu.

Juni

Nimeendelea na DNS. Niliipa mashine ya mtumiaji anwani ya uongo ya seva ya DNS, kisha nikajaribu kutumia mtandao kama mtumiaji wa kawaida. Kila tovuti inakataa. Lakini ukiipigia anwani ya nje 8.8.8.8 ping (amri ya kupima kama mashine ya mbali inajibu), majibu yanarudi vizuri. Njia ipo, kinachokosekana ni wa kutafsiri majina kuwa anwani.

Kutokana na hilo nimejipangia mfuatano wa kupima: kwanza lango la mtandao, kisha anwani ya nje, kisha jina, na mwisho nslookup, amri ya kuiuliza seva ya DNS. Kila hatua inaposhindikana inasema tatizo liko wapi. Kuna tahadhari moja ambayo wanaoanza wenzangu waizingatie. Ping kukosa jibu hakuthibitishi kwamba kitu kimekufa, kwa sababu kuta nyingi za usalama (firewall) huzuia ping makusudi. Amri ya Test-NetConnection kwenye PowerShell, programu ya Windows ya kuandikia amri, ukiipa namba ya mlango kama 443, inakupa jibu linaloaminika zaidi.

Mwezi huu pia nimesakinisha osTicket, mfumo huria wa tiketi, na kila hitilafu ninayoitengeneza naifungulia tiketi kana kwamba imeletwa na mtu. Nilidhani itakuwa nyongeza ndogo. Imegeuka kuwa zoezi ninalolithamini kuliko mengi, kwa sababu kuandika tiketi kunakulazimisha kutofautisha alichosema mtumiaji, ulichokiona mwenyewe, na unachokidhania. "Printa mbovu" ni tiketi isiyomsaidia yeyote. "Printa inachapa ukurasa wa majaribio kutoka kwenye paneli yake, lakini kazi zinazotumwa kutoka kwenye kompyuta zinakwama kwenye foleni, kompyuta ya jirani inachapa vizuri" ni tiketi ambayo fundi wa ngazi ya pili akiipokea anajua pa kuanzia.

Julai

Nimepata mahali pa kujitolea: maabara ya kompyuta ya shule. Mashine zote zina Windows 10, na Microsoft watasitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba mwaka huu. Kazi niliyopewa ni kuorodhesha zipi zinaweza kupandishwa hadi Windows 11. Masharti ni TPM 2.0 (chipu ya usalama), rami ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya diski ya gigabaiti 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya zinazokubaliwa. Sharti la prosesa ndilo lililoangusha nyingi. Chache zilikuwa na TPM iliyozimwa tu kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya ubao mama inayoiwasha mashine. Hizo zimepona kwa kuiwasha. Zilizobaki nimeandikia mapendekezo mawili, kujiunga na mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama au kuhamia Linux, na uamuzi nimewaachia wenye shule.

Hapo hapo nimekutana na somo ambalo sikuliona kwenye video yoyote. Mwalimu mmoja aliniambia kompyuta yake ni nzito na kwamba anaizima kila jioni. Nilipofungua kidhibiti kazi (Task Manager), muda wa mashine kuwa hewani ulionyesha wiki kadhaa. Mwalimu alikuwa anasema kweli. Tangu Windows 8 kuna kipengele cha kuwasha haraka: ukichagua kuzima, mfumo huhifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha asubuhi jinsi kilivyokuwa, pamoja na draiva zilizochoka. Kinachoanza upya kabisa ni kule kuchagua "washa upya". Ndiyo maana fundi anapouliza "umeizima na kuiwasha?" na kujibiwa ndiyo, wote wawili wanaweza kuwa wakweli na tatizo likabaki. Nimelitilia mkazo jambo hili kwenye daftari: usimshuku mtumiaji kabla hujaangalia namba.

Tarehe 19 mwezi huu umetimia mwaka tangu sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liangushe takriban mashine milioni 8.5 za Windows duniani, safari za ndege zikaahirishwa na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Nimesoma tena jinsi ilivyotatuliwa. Mashine iliyokwama kwenye skrini ya bluu haiwezi kupokea marekebisho kwa mbali, hivyo kwa nyingi ilibidi mtu aende, aiwashe katika hali salama, afute faili lenye namba 291 kwenye folda ya draiva za CrowdStrike, aiwashe tena. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, kwanza atafute ufunguo wa kufungulia. Wanaoiona ngazi ya kwanza kuwa kazi ya kupita tu wangeitafakari siku ile. Dunia ilirudishwa hewani na watu wa madawati ya msaada, mashine kwa mashine.

Agosti

Karatasi ya 220-1201 nimefaulu. Maswali ya vitendo, yale ya kuburuta na kusanidi, yapo mwanzoni na yanakula muda. Niliyaruka na kuyarudia mwishoni, na namshauri kila mtu afanye hivyo.

Septemba

Mwezi wa kuomba kazi. Kwenye wasifu wangu sehemu ya uzoefu ilikuwa fupi, hivyo nimeweka maabara na kazi ya shule kama miradi, kila mmoja kwa sentensi inayosema nilichokijenga na kilichobadilika. Maombi mengi hayajajibiwa. Machache yamejibiwa kwa kukataliwa, na hiyo ni sehemu ya safari.

Usaili ulionifikisha mbali ulikuwa na swali moja ambalo nadhani kila anayejiandaa atakutana nalo: "Mtumiaji anapiga simu, anasema intaneti haifanyi kazi. Utafanya nini?" Anayetaka kuonyesha ujuzi ataanza kutaja amri. Mimi nilianza na maswali. Ni yeye peke yake au na wenzake? Ilianza lini, na kuna kilichobadilika kabla ya hapo? Ni tovuti zote au mfumo mmoja? Yupo ofisini au anafanyia kazi nyumbani? Baada ya hapo ndipo nikaeleza mfuatano wangu wa kupima. Kisha nikafungua daftari la hitilafu na kuwaonyesha ukurasa wa DHCP. Msimamizi wa dawati alilichukua, akalisoma kwa muda, akaniuliza swali juu ya ukurasa mwingine kabisa. Tuliongea kama watu wa kazi moja.

Oktoba

Nimeanza kazi. Mkataba ni wa muda, dawati la msaada, ngazi ya kwanza, na nina furaha ambayo sioni haja ya kuificha.

Sehemu kubwa ya tiketi ni nenosiri. Kuliweka upya ni kubofya mara mbili tatu. Uzito uko kwenye kumtambua anayepiga. Mtu mwenye sauti ya haraka, anayejua jina la bosi na anayesema ana kikao sasa hivi, anaweza kuwa mfanyakazi wa kweli au tapeli aliyejiandaa vizuri. Utaratibu wetu ni kumpigia mtu kwenye namba iliyomo kwenye kumbukumbu za ofisi, hata kama sauti unaifahamu. Nimejifunza kulisema kwa heshima: "Samahani mama, nakata simu hii nakupigia sasa hivi kwenye namba yako ya ofisini, ndivyo tunavyolinda akaunti yako." Hakuna aliyekasirika. Watu hukasirika wasipoelezwa sababu.

Nimeuliza pia kwa nini watumiaji wetu hulazimishwa kubadili nenosiri mara kwa mara wakati NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 inashauri lisibadilishwe kwa ratiba, bali kukiwa na dalili kwamba limevuja. Msimamizi amesema mjadala uko mezani. Kwa dawati, jibu lake litapunguza tiketi nyingi.

Novemba

Tiketi bora tangu nianze. Mfanyakazi mmoja akaunti yake inafungwa kila asubuhi. Tunaifungua, inafanya kazi, kesho yake imefungwa tena. Tiketi yake ilikuwa imefungwa na kufunguliwa mara nyingi kabla haijanifikia, na kila aliyeshika alikuwa ameandika neno lile lile: "imetatuliwa".

Kufungua akaunti hakukuwa kumetatua kitu. Nilimwomba mwenzangu wa ngazi ya pili tuangalie kumbukumbu za matukio kwenye seva ya kikoa. Tukio namba 4740 hurekodi akaunti iliyofungwa na jina la mashine ambako majaribio yalitokea. Jina lililoandikwa halikuwa la kompyuta yake. Lilikuwa la seva ya barua pepe. Maana yake kuna kifaa kilichokuwa kinavuta barua zake kwa nenosiri la zamani, kikikataliwa, kikirudia mpaka kikomo. Nikampigia: "Dada, mbali na kompyuta na simu yako, kuna kifaa kingine uliwahi kufungulia barua pepe ya ofisi?" Akafikiri. Simu ilikuwa sawa, alishaibadilishia nenosiri. Kisha akakumbuka tableti ya zamani ambayo mtoto huchezea michezo asubuhi kabla ya shule. Tukaiondoa akaunti kwenye tableti hiyo. Haijafungwa tena.

Hapo nimeelewa kwa vitendo tofauti ambayo ITIL, mwongozo wa kusimamia huduma za TEHAMA, inaifundisha kwenye vitabu, kati ya tukio (incident) na tatizo (problem). Tukio ni huduma kukatika leo na unatakiwa uirudishe haraka. Tatizo ni chanzo kinachozaa matukio. Dawati linalopimwa kwa kasi ya kufunga tiketi tu litafungua akaunti ile milele, na takwimu zake zitapendeza.

Nyingine ya mwezi huu: kompyuta ya mapokezi, ambayo haimo kwenye kikoa, ilisema kila tovuti si salama. Nilitazama saa kabla ya kivinjari. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka, kwa hiyo kila cheti cha usalama kilionekana hakijaanza kutumika. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ilikuwa imeisha. Na printa, kama kawaida: simamisha huduma ya foleni ya kuchapa, futa yaliyokwama kwenye folda ya spool\PRINTERS, iwashe huduma. Nimeandika makala fupi ya hifadhi ya maarifa, mkusanyiko wa suluhisho wa dawati letu, ili mwenzangu yeyote aifuate bila kuniuliza.

Desemba

Karatasi ya 220-1202 imekamilika, cheti cha A+ ninacho. Ilikuwa nyepesi kwangu kuliko ya kwanza, kwa kuwa usalama na mifumo ya uendeshaji, asilimia 28 kila moja, ndiyo mambo ninayoyashika kila siku kazini.

Makala za hifadhi ya maarifa zimeongezeka. Naziandika kwa kuanzia na maneno ya mtumiaji, siyo ya fundi, kwa sababu anayetafuta saa ya haraka ataandika alichosikia kwenye simu. Kichwa cha makala ni "Akaunti inafungwa kila asubuhi", na 4740 inakuja aya ya pili.

Januari 2026

Mkataba umeongezwa. Nimeanza kusoma mitandao kwa undani zaidi kwa kutumia Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, lakini kinachonishika mwezi huu ni PowerShell. Amri ya Search-ADAccount ikipewa kipengele cha LockedOut huorodhesha akaunti zote zilizofungwa kwenye kikoa. Nimeijengea hati ya amri (skripti) inayokwenda kusoma pia matukio ya 4740 na kuweka jina la mashine iliyosababisha kando ya kila akaunti, ili anayepokea simu asubuhi aone chanzo kabla hajabofya kufungua. Kwenye maabara yangu inafanya kazi kwa watumiaji wa kubuni. Kuiweka kazini kunahitaji akaunti yenye ruhusa ya kusoma kumbukumbu za seva ya kikoa na hakuna zaidi ya hapo. Ombi nimeshalifungulia tiketi, nikaambatisha hati yenyewe na matokeo ya majaribio, na liko kwa msimamizi wa seva.